Sheria ya Mwizi na Sheria ya Mwenye Ghala

Februari 2021 chombo cha habari cha mtandaoni TechCrunch kiliripoti kwamba hifadhi iliyobeba taarifa za wasafiri walioingia Jamaika ilikuwa imeachwa wazi kwenye mtandao. Haikuwa na nywila. Aliyejua anwani yake angeweza kufungua na kuchukua atakacho. Ndani mlikuwa na majibu yapatayo 70,000 ya vipimo vya korona, hati zaidi ya 425,000 za uhamiaji zenye majina, tarehe za kuzaliwa na namba za pasipoti, amri zaidi ya 250,000 za karantini, na picha 440,000 hivi za sahihi za watu. Wengi wao walikuwa Wamarekani waliokwenda kupumzika ufukweni.

Mfumo huo uliitwa JamCOVID. Ulitengenezwa na kampuni ya Amber Group, ambayo mkuu wake alijivunia kwamba kazi iliwachukua siku tatu, kisha ukakabidhiwa serikali bure. Taarifa ilipotoka, serikali ilisema kasoro imeshazibwa na kwamba hakuna ushahidi wa mtu kuitumia kwa nia mbaya. Kabla mwezi haujaisha, TechCrunch ikaripoti matobo mengine mawili: faili lenye funguo na nywila za mfumo lililokuwa likionekana na kila mtu, na amri za karantini za wasafiri zaidi ya nusu milioni zilizokuwa zikisomeka kwenye tovuti ileile.

Kwa mtazamaji wa sheria, swali la kwanza ni rahisi: nani alitenda kosa? Jibu la siku zile linashangaza. Aliyechungulia ndani ya hifadhi ile angeweza kushtakiwa, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayejipatia data ya kompyuta bila idhini. Aliyeiacha wazi hakuwa na sheria ya kumgusa. Sheria ya namna hiyo, ya ulinzi wa data, ilikuwapo, tena ilikuwa imepitishwa na Bunge Juni 2020, miezi minane kabla ya kashfa. Ila ilikuwa haijaanza kutumika. Ilikaa kwenye vitabu hadi 1 Desemba 2023 ndipo ikapata nguvu kamili.

Mkasa huu unabeba karibu historia yote ya sheria za mtandao za kisiwa hiki. Jamaika ilianza na sheria ya kumkamata mwizi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kupata sheria ya kumbana mwenye ghala, yaani kampuni, benki, hospitali na wizara inayokusanya taarifa za watu na kuzirundika. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya. Kumwadhibu mwizi hakuigharimu dola chochote. Inapata sifa ya ukali na polisi wanapata mamlaka mapya. Kumbana mwenye ghala ni kujibana, maana ghala kubwa kuliko yote ni la serikali yenyewe.

Sheria ya kwanza ya makosa ya mtandao ilitungwa 2010. Ilikuwa na kifungu cha busara kilichotaka kamati ya pamoja ya Bunge iipitie baada ya miaka miwili, na mapitio hayo ndiyo yaliyozaa sheria mpya ya 2015. Ile mpya ilipandisha adhabu, ikaingiza ulaghai na ughushi wa kompyuta, ikazuia kusambaza vifaa na data za kufanyia uhalifu, na ikaweka ulinzi wa pekee kwa kompyuta za usalama wa taifa, benki na huduma za umma. Yote haya ni ya kawaida katika nchi nyingi na hayana haja ya kutuchelewesha.

Kilicholeta matata ni kifungu cha 9, kinachohusu mawasiliano ya nia mbaya. Kinamwadhibu anayetumia kompyuta kumpelekea mtu data chafu, ya vitisho au ya kutisha, akikusudia kumletea usumbufu, bughudha, dhiki au wasiwasi, au asipojali kama ataleta hayo. Neno "usumbufu" katika sheria ya jinai ni pana mno. Machi 2017 mwanaharakati wa Tambourine Army, kundi la wanawake waliokuwa wakipinga ukatili wa kingono, alikamatwa na kushtakiwa kwa kifungu hicho, baada ya kuwataja mtandaoni watu waliodaiwa kuwa watendaji wa ukatili. Miezi miwili baadaye ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ikaachana na kesi. Kumbuka kwamba Jamaika ilikuwa imefuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2013, ikaiacha kuwa shauri la madai kati ya mtu na mtu. Kesi hii ilionyesha jinsi kosa lililotolewa kwa mlango wa mbele linavyoweza kurudishwa kwa dirisha la sheria ya mtandao. Mashtaka yalifutwa, kifungu kikabaki.

Mwizi ambaye Wajamaika wengi walikuwa wakimwaza, hata hivyo, hakuwa mwanaharakati wala mdukuzi wa sinema. Alikuwa kijana wa Montego Bay mwenye simu na karatasi. Utapeli wa bahati nasibu ulishamiri magharibi mwa kisiwa tangu miaka ya 2000, hasa katika parokia ya St. James. Simu inapigwa kwa mzee wa Marekani, mara nyingi kutoka namba inayoanza na 876. Anaambiwa ameshinda mamilioni ya dola, pengine na gari juu yake, na kinachobaki ni kulipa kodi na ada kidogo ili mzigo utoke. Mzee anatuma. Kesho inaibuka ada nyingine. Wapo waliopoteza akiba ya maisha yao.

Msomaji wetu aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" anaijua tabia ya matapeli. Tofauti ni kwamba ujumbe ule hutupwa gizani kwa namba elfu, mmoja ajitokeze. Tapeli wa Montego Bay hakurusha gizani. Alikuwa na orodha. Orodha hizo ndizo bidhaa halisi ya biashara nzima: majina, namba za simu, anwani, umri, na dalili kwamba mtu huyo ana mazoea ya kucheza bahati nasibu. Ziliuzwa kwa jina, na jina bichi, ambalo halijapigiwa na wenzako, lilikuwa na bei yake. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama huko Bismarck, North Dakota, lilimtia hatiani Mjamaika mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuza orodha hizo, na akahukumiwa miaka 20 jela. Kesi hiyo ilianzia kwa mjane mmoja wa Harvey, mji mdogo wa jimbo hilo, aliyenyonywa mamia ya maelfu ya dola.

Orodha zilitoka wapi? Nyingine zilinunuliwa kwa madalali wa matangazo wa Marekani, nyingine zilitoka ndani ya vituo vya huduma kwa simu vya Jamaika kwenyewe. Sekta hiyo inaajiri makumi ya maelfu ya vijana, Montego Bay na Kingston zikiongoza, na kila siku vijana hao hufungua mafaili ya wateja wa benki, bima na kampuni za simu za ng'ambo. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo, majina mia mbili yaliyonakiliwa kwenye karatasi yana thamani ya miezi kadhaa ya kazi.

Bunge lilijibu kwa sheria maalumu ya miamala ya ulaghai ya 2013. Kabla yake polisi wangeweza kupekua nyumba, wakakuta daftari limejaa majina na namba za kadi za wazee wa Ohio, na wasipate shtaka la kuandika, kwa kuwa mlalamikaji yuko maili elfu na mara nyingi haya imemfunga mdomo. Sheria mpya ilifanya kupatikana na taarifa za utambulisho wa mtu mwingine kuwa kosa lenyewe, pale mazingira yanapoonyesha kwamba zimekusudiwa kutendea uhalifu. Ilikuwa hatua ya maana. Fedha za orodha hizo zilikuwa zimeshageuka bunduki. Januari 2018 serikali ilitangaza hali ya dharura St. James baada ya mauaji kuongezeka, na utapeli ulitajwa miongoni mwa mizizi yake. Tena kulikuwa na vita vya maneno. Msanii Vybz Kartel alitoa wimbo uitwao "Reparation", uliofanya utapeli uonekane kama fidia ya utumwa, na wapo vijana walioukumbatia utetezi huo kwa dhati.

Ila tazama sheria ya 2013 inamwangalia nani. Inamwona anayekutwa na orodha. Kituo kilichoiacha ivuje hakimo. Hakuna kifungu kilichokiuliza kwa nini mfanyakazi wa wiki ya kwanza aliona namba kamili ya kadi ya mteja, au kwa nini simu za mkononi ziliingia ukumbini. Maswali hayo yalibaki kwenye mikataba kati ya vituo na wateja wao wa Marekani, ambao nao walijali zaidi jina la kampuni kuliko mzee wa Harvey au Cleveland. Utapeli ulikuwa na pande mbili, na kwa muongo mzima sheria ilikuwa na jicho moja.

Jicho la pili lilifunguliwa na mahakama, si na Bunge, na lilifunguliwa kwa kuitazama serikali. Mwaka 2017 serikali ya Waziri Mkuu Andrew Holness ilipitisha sheria ya kitambulisho cha taifa, mradi uliokopeshwa dola milioni 68 na Benki ya Maendeleo ya Amerika. Kila mkazi alilazimika kujiandikisha na kutoa taarifa za mwili wake. Orodha ya yanayoweza kudaiwa ilikuwa ndefu kupita kiasi: alama za vidole, picha ya uso, mboni ya jicho, hata alama za nyayo na vidole vya miguu, na kundi la damu. Asiyejiandikisha angetozwa faini, na huduma za serikali zingemfungia milango. Wakati huohuo muswada wa ulinzi wa data, ambao ungeweka masharti ya kulinda vitu vyote hivyo, ulikuwa ungali bungeni. Ghala linajengwa kwa haraka, kufuli litafuata.

Julian Robinson, wakati huo mbunge na katibu mkuu wa chama cha upinzani cha PNP, alikwenda mahakamani. Tarehe 12 Aprili 2019 majaji watatu, Jaji Mkuu Bryan Sykes akiwa na David Batts na Lisa Palmer Hamilton, waliibatilisha sheria hiyo yote kwa kauli moja. Walisimama juu ya Mkataba wa Haki uliowekwa kwenye katiba mwaka 2011, unaolinda maisha binafsi na faragha ya mawasiliano. Walisema mtu ana haki ya kuamua taarifa zake ziende wapi, na kwamba dola ikitaka kuipunguza haki hiyo ni juu yake kuonyesha kwa hoja na ushahidi kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Serikali ilileta madhumuni mema. Ushahidi wa kwamba ni lazima kumlazimisha kila mtu haikuleta.

Kuna jambo la kupendeza katika namna Sykes alivyojenga hukumu yake. Miezi michache kabla, Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeuruhusu kwa sehemu kubwa mfumo wa kitambulisho wa Aadhaar. Jaji mmoja, Chandrachud, alipingana na wenzake na kuandika kwa nini mfumo ule ni hatari. Nchini mwake alishindwa. Sykes aliisoma hoja yake, akaipenda, akaifanya nguzo ya hukumu ya Kingston. Safari haikuishia hapo. Wanaharakati wa Kinubi na wenzao walipoishtaki serikali ya Kenya juu ya mfumo wake wa kitambulisho, Huduma Namba, hukumu ya Robinson iliwekwa mezani Nairobi. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa GPS, na ikasema mradi uliobaki usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuusimamia. Majaji wa Nairobi hawakufika mbali kama wa Kingston, ila swali walilouliza ni lilelile: kufuli liko wapi?

Kwa hiyo serikali ya Jamaika iliporudi na sheria mpya ya kitambulisho mwaka 2021, ilikuwa imejifunza. Kujiandikisha kukawa kwa hiari. Alama za mwili zikapunguzwa zikabaki uso, vidole na sahihi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2020 ikawa tayari imepitishwa. Sidhani kama ingepitishwa wakati ule bila hukumu ya Robinson. Muswada uliokuwa ukisuasua tangu 2017 ulipata mbio baada ya mahakama kuangusha sheria ya kitambulisho.

Sheria yenyewe ni ya kisasa kwa namna yake. Inaweka viwango vinane ambavyo kila anayeamua taarifa za watu zitumikeje lazima avifuate: zikusanywe kwa haki, kwa kusudi lililotajwa, zisizidi mahitaji, ziwe sahihi, zisikae kupita muda wake, ziheshimu haki za mwenyewe, zilindwe kiufundi, na zisipelekwe nchi isiyo na ulinzi wa kutosha. Anayefahamu sheria ya Uingereza ya 1998 ataitambua mifupa. Nyama imeongezwa kutoka Ulaya. Taarifa zikivuja, Kamishna wa Taarifa, msimamizi wa sheria hii, aarifiwe ndani ya saa 72. Shirika linaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Kuna hata kifungu ambacho mwandishi huyu hakukitarajia: sheria inamlinda marehemu pia, mradi hajapitisha miaka thelathini tangu afe. Katika nchi ambako madaftari ya hospitali na mashamba hubaki na majina ya watu kizazi kizima, kifungu hicho si pambo.

Kamishna wa kwanza wa Taarifa, Celia Barclay, aliteuliwa mwishoni mwa 2021, na baadhi ya vifungu vikaanza Desemba ya mwaka huo ili ofisi ijengwe. Wakusanyaji wa data walipewa miaka miwili ya kujiandaa. Miaka miwili inaeleweka kwa duka la dawa la Mandeville lenye wafanyakazi sita. Kwa benki na wizara ni ukarimu mkubwa, hasa baada ya JamCOVID.

Ila heri Jamaika. Jirani yake Trinidad na Tobago ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2011, ikaanza kutumia vipande vichache mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ikaachwa bila kuanzishwa. Oktoba 2023 wadukuzi walipoivamia TSTT, kampuni ya simu ambayo serikali ina hisa kubwa ndani yake, na taarifa za wateja zikamwagwa mtandaoni, wananchi waligundua kwamba nchi ina sheria yenye umri wa miaka kumi na mbili isiyoweza kuwasaidia. Sheria isiyoanzishwa ina madhara ya pekee: inampa waziri jibu. Anaweza kusema tunayo.

Sasa Jamaika ina macho yote mawili. Je, yanaona sawasawa? Mimi naona mahali patatu penye ukungu.

Pa kwanza ni adhabu. Asilimia 4 ya mapato inaitisha kampuni ya simu na mnyororo wa hoteli. Wizara haina mapato ya mwaka duniani kote. Hata ukiitoza faini, fedha zinatoka hazina na kurudi hazina. JamCOVID ingetokea leo, mwenye dhamana mbele ya sheria angekuwa chombo cha serikali kilichoamua taarifa zikusanywe, na kampuni iliyojenga mfumo ingekuwa mchakataji tu kwa niaba yake. Kumwajibisha ofisa aliyepokea zawadi ya bure bila kuikagua kunahitaji Kamishna mwenye uthubutu wa kuiandikia wizara amri na kuitangaza hadharani. Katika kisiwa chenye watu wasiofika milioni tatu, ambako wakubwa wamesoma shule zilezile, uthubutu huo una gharama.

Pa pili ni yule aliyechungulia. Sheria ya 2015 haimtofautishi mwizi na mtaalamu au mwandishi anayegundua hifadhi iko wazi na kutoa taarifa ili izibwe. Katika JamCOVID ni watu wa aina hii waliowaokoa wasafiri. Kamati ya pamoja ya Bunge imeshaketi kuipitia sheria hiyo, na hapa ndipo ningependa Bunge liweke nguvu zake: kinga ya wazi kwa anayeripoti kwa nia njema, na kifungu cha 9 kipunguzwe mpaka kibaki na vitisho vya kweli. Ofisi ya Kamishna ikitegemea kwamba wenye maghala watajiripoti wenyewe ndani ya saa 72, itasubiri sana.

Pa tatu ni vituo vya simu. Huko sheria mpya inaweza kufanya zaidi kuliko polisi. Kituo kinachojua kwamba uvujaji unaweza kukifikisha kwa Kamishna, na kwamba mteja wake wa ng'ambo atausoma uamuzi huo kabla ya kusaini mkataba mwingine, kitanunua mfumo unaoficha namba za kadi na kumlipa vizuri kidogo anayezishika. Operesheni za St. James zimewakamata vijana wengi wa orodha, orodha hazikukauka. Zitapungua siku zitakapokuwa ngumu kunakili.

Halafu kuna kitambulisho chenyewe. Kwenye karatasi ni cha hiari, na serikali imelirudia neno hilo mara nyingi. Lakini hiari hupimwa kwenye dirisha la benki. Mzee wa St. Elizabeth aliyekuwa akijitambulisha kwa kadi ya kupigia kura au pasipoti akiambiwa siku moja kwamba kadi mpya "inarahisisha", na mwezi ujao kwamba bila hiyo itachukua wiki mbili, hukumu ya 2019 itakuwa imezungukwa bila mtu kuvunja sheria. Kifungu kinachoruhusu mashirika kuthibitisha utambulisho wa wateja kwenye daftari la kitambulisho hicho kimekwishaandikwa. Mashirika hayohayo ndiyo yanayojisajili kwa Kamishna kama wakusanyaji wa data, na kila mwaka yanapaswa kumpelekea tathmini ya athari za kile yanachokusanya. Atakayetaka kujua kama kadi imebaki ya hiari aanze kusoma hapo, kwenye tathmini za benki.